Jibu la mtaalamu: Kumpiga picha mdiria bila kumfukuza, kutoka Sabaki hadi Mida

Swali la msomaji: "Naishi Malindi mjini. Nina kamera ya sensa ya APS-C na lenzi ya milimita 70 hadi 300. Kila nikienda mlango wa mto Sabaki nawaona midiria weusi kwa weupe, lakini nikisogea tu wanaruka. Picha ninazopata ama zina ukungu ama ndege ni nukta. Rafiki yangu ananishauri niwachezee sauti yao kwenye simu, au niweke vidagaa kwenye beseni ili waje karibu. Je, nifanye hivyo? Na wale wenye mdomo mwekundu nitawapata wapi?"

Ndugu msomaji, sauti usicheze na beseni liache nyumbani. Sababu nitazieleza chini. Lenzi yako inatosha. Kinachokukosesha picha ni kule kumwendea ndege. Mdiria ni ndege anayeishi kwa kutazama. Kutwa yuko juu ya kigingi au tawi akisubiri kitu kidogo kitikisike, na mtu anayetembea wima juu ya fungu la mchanga ameshaonekana zamani kabla yeye hajamwona ndege. Ukimsogelea ataruka hadi kigingi cha mbele. Ukimfuata ataruka tena, na akifika mwisho wa eneo lake atazunguka juu ya maji arudi nyuma yako. Hapo wewe umechoka, naye amepoteza saa yake nzuri ya kuvua. Kaa karibu na mahali anapopenda kutua kabla yeye hajafika, ukae kimya, naye atakuja mwenyewe.

Kwanza hesabu ya umbali, kwa sababu ndiyo itakayokuambia ukae wapi. Mdiria mweusi kwa mweupe, Ceryle rudis, ana urefu wa sentimita 25 hivi. Kwa lenzi ya milimita 300, akiwa mita 12 kutoka kwako, taswira yake kwenye sensa ni kama milimita 6, na sensa yako ina kimo cha milimita 15. Basi atajaza karibu sehemu mbili kwa tano za kimo cha picha, na hiyo ni picha nzuri ya kuchapishwa. Akiwa mita 40, amebaki chini ya milimita 2: hiyo ndiyo nukta unayoilalamikia. Mdiria mdogo wa kishungi, Corythornis cristatus, yule wa buluu mwenye mdomo mwekundu akaaye kwenye matete, ni wa sentimita 13 tu, kwa hiyo umbali wake ni mita 6. Mita 6 hazipatikani kwa kunyata. Zinapatikana kwa kuketi.

Sasa upepo na jua, ambavyo wapiga picha wengi wa pwani hawavitazami pamoja. Mdiria mweusi kwa mweupe huvua kwa namna mbili: kutoka kituoni, au akielea hewani mahali pamoja huku akipiga mbawa, kisha anajitosa. Upepo ukiwapo na maji yana viwimbi, huelea sana. Hewa ikitulia, huvua zaidi kutoka kigingini. Na akielea lazima aukabili upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zinatoka upande wa bahari. Jua la asubuhi nalo linatoka huko huko. Kwa hiyo asubuhi, ukiipa bahari mgongo na kutazama bara, ndege anayeelea mbele yako atakuwa amekugeuzia uso, na uso huo umeangazwa. Wakati wa kusi sogea kidogo kusini mwa mahali anapovua, na wakati wa kaskazi sogea kaskazini mwake. Jioni mambo hugeuka: jua liko bara, ndege bado anatazama baharini, na utakachopata ni mkia uliong'aa na uso wenye kivuli. Jioni mfuate aliyetua, anayeelea mwachie asubuhi.

Tena uwahi. Jua letu huchomoza karibu na saa 12 na hupanda nyuzi 15 hivi kila saa. Ikifika saa 2 na nusu mwanga umekuwa mkali, kifua cheupe kinaungua, yaani kinatoka weupe mtupu pichani, na jicho limeingia kivulini. Baada ya saa 3 mchanga na tope vimepata moto, na hewa iliyo juu yake hutetemeka. Mtetemo huo unaifanya picha iwe laini hata ukiwa na lenzi ya bei gani. Ukiona picha zako za mita 10 ni kali na za mita 40 zote zina ukungu, usilaumu kamera. Ni joto hilo. Dawa yake ni kuwa karibu zaidi au kurudi kesho alfajiri.

Pale Sabaki, kabla ya kukaa tafuta alama. Chini ya kigingi kinachotumika utaona kinyesi cheupe kilichochirizika, na pengine vijidonge vya mifupa na magamba ya samaki ambavyo ndege huvitapika. Magogo yaliyoletwa na mto, vigingi vya wavuvi na matawi makavu yaliyoinamia maji ndiyo mahali pa kuanzia. Chagua kimoja, hesabu hatua 12 hadi 15 upande wa bahari, kaa chini na mgongo wako uwe kwenye kichaka au kilima cha mchanga ili kivuli chako kisichoreke angani. Nguo ziwe za rangi ya mchanga au majani makavu. Zile za madoadoa kama za jeshi usivae: nchini Kenya, kwa mtu asiye mwanajeshi, ni kosa la jinai.

Kisha subiri dakika 40 bila kubadilisha mahali. Dakika kumi za mwanzo ndege wa eneo lote wanakujua. Baada ya hapo wanaanza kukusahau. Kamera iwe tayari usoni au juu ya kifuko, kwa sababu anachokiogopa zaidi ni mkono unaoinuka ghafla. Kifuko chenyewe ni rahisi: kata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, sentimita 35, ujaze mbaazi kavu kilo 1 na nusu, ushone pande zote mbili. Mchanga usiutumie, vumbi lake linapenya kwenye lenzi.

Mvua za masika zikinyesha bara, Sabaki huteremka na udongo mwingi na maji yake huwa rangi ya matofali. Ndege anayevua kwa macho hana kazi kwenye maji hayo. Siku kama hizo watafute kwenye madimbwi yaliyotuama nyuma ya vilima vya mchanga, ambako maji hutakata mapema. Huko kwenye matete ndiko utakakomwona na yule mdogo wa kishungi, ametua chini kabisa, mara nyingi nusu mita tu juu ya maji. Ukiona mwenye mdomo mweusi, ni mtoto wa mwaka huo huo. Sehemu nyingine ya kujaribu ni Ziwa Jilore, upande wa bara kando ya mto, ambalo hujaa na kupungua kufuata mafuriko.

Neno la usalama, na silisemi kwa kutishia: mlango wa Sabaki una viboko, na mto una mamba. Usikae ukingoni penye matete kabla hakujapambazuka vizuri, wala usivuke mkono wa mto kwa miguu kwa sababu tu maji yanaonekana mafupi. Nenda na kijana wa pale anayejua viboko wamelala wapi usiku huo. Mlipe. Wavuvi nao wasalimie kabla hujaketi. Wao wamefika kwanza, na kigingi unachokitaka huenda kimefungwa wavu wao.

Nikija kwenye mdomo mwekundu. Aliye maarufu kwetu ni mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides, wa sentimita 22 hivi, kichwa kijivu, mgongo na mbawa za buluu, mdomo mwekundu wote juu na chini. Watu humchanganya na binamu yake wa kichwa cha kahawia, Halcyon albiventris, anayeonekana sana Gede na pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huyo ana michirizi kichwani, mgongo wake si wa buluu, na ncha ya mdomo wake ina weusi. Binamu huyo hula panzi na mijusi, hategemei maji kupata chakula.

Wa mikoko mtafute kwenye hori la Mida, kama kilomita 20 na kitu kusini mwa Malindi. Hapo ndipo maji kujaa na kupwa yanapoamua kila kitu. Chakula chake kikubwa mikokoni ni kaa, na kaa hutoka mashimoni tope likianza kufunuka. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa mnamo saa 10 hadi 11 alfajiri na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni kinyume: asubuhi yote maji yanapanda, kaa wamefunikwa, na ndege amehamia kwenye miti ya nchi kavu. Kwa hiyo panga safari yako siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Utafika na mwanga wa saa 12 na nusu, maji yanatoka, tope linafunuka mbele ya macho yako, na mdiria ameshuka kwenye matawi ya chini ya mikoko. Kila siku inayofuata hali hiyo huchelewa kwa dakika 50 hivi, basi una asubuhi tatu au nne nzuri kila baada ya majuma mawili.

Tumia njia ya mbao ya jamii pale Mida, yenye kibanda cha kutazamia ndege mwishoni. Ada yake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu, na ukiwa juu ya mbao hukanyagi mizizi ya kupumulia ya mchu. Mizizi ile midogo iliyosimama kama misumari ndiyo inayoupa mti hewa. Ikivunjika, mti unapungukiwa pumzi. Ukishuka kwenye tope pia unawarudisha kaa mashimoni, na kaa wakiingia mashimoni mdiria hana sababu ya kuja. Mbao zinatikisika mtu akitembea, kwa hiyo fika mapema, tulia, na waombe wenzako wasimame ndege akitua.

Kwa mashua, nahodha azime mashine mbali, kisha atumie upondo au aache maji yavute. Chombo kisimwelekee ndege moja kwa moja. Kipite kiupandeupande, kana kwamba kinakwenda kwingine. Simama mita 25, ngoja dakika mbili, sogea mita 3 au 4, ngoja tena. Mwangalie yeye. Akiwa amejivimbisha manyoya kidogo na anatazama maji, mambo ni salama. Akijibana akawa mwembamba, akaanza kuinua na kushusha kichwa, akatingisha mkia, akajigeuza, au akanya ghafla, amekwisha kuamua kuondoka. Rudi nyuma mita 5. Mara nyingi hatulii ila akiona unarudi nyuma, na ukishamwonyesha hivyo, mara ya pili atakuvumilia zaidi.

Mipangilio ya kamera haina siri kubwa. Kwa aliyetua, kasi ya shata 1/500 inatosha lenzi yako ikiwa imeegemezwa, na ukishika kwa mikono usishuke chini ya hapo. Kwa anayeelea weka 1/2000. Kwa anayejitosa ni 1/3200 na bado utakosa nyingi. Anayeelea ndiye wa kujifunzia: mbawa zinapiga lakini kichwa kimetulia mahali pamoja, hivyo weka fokasi endelevu, nukta moja ya katikati, iwe kichwani. Tundu la lenzi lifungue hadi f/5.6. Jua likiwa wazi, f/5.6 na ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hukupa 1/3200. Dakika za mwanzo baada ya jua kuchomoza utahitaji ISO 1600, na chembechembe za ISO 1600 ni afadhali mara kumi kuliko ndege aliyetikisika.

Mwanga ndio unaowashinda wengi kwa huyu mweusi kwa mweupe. Akiwa mdogo mbele ya mikoko yenye giza, kamera hudhani mandhari yote ni meusi, inaongeza mwanga, na kifua kinakuwa karatasi tupu. Punguza theluthi mbili ya hatua moja ya mwanga kwenye kamera. Akielea mbele ya anga jeupe, ni kinyume: kamera inapunguza, naye anatoka kivuli kitupu. Ongeza theluthi mbili hadi hatua nzima. Washa ile alama inayomweka sehemu zilizoungua, na uitazame kifuani tu, mengine acha.

Ukipata picha ambayo matete ya nyuma ni makali na ndege ni laini, fokasi imeshika nyuma. Usimlenge upya kwa papara. Lenga kigingi alichotua, kiko umbali ule ule. Flashi usitumie hata kidogo, iwe mchana au jioni.

Sasa jambo ambalo naliona zito kuliko yote haya. Mdiria mweusi kwa mweupe na yule wa kishungi huchimba matundu kwenye gema la mchanga mgumu kando ya maji. Njia ya ndani huweza kufika mita 1 hadi 2. Huyu wa mikoko hutumia matundu ya miti, au kichuguu cha mchwa kilichojengwa juu ya mti. Tundu lenye mayai au makinda si mahali pa kupiga picha. Wazazi wa mdiria mweusi kwa mweupe hulalia mayai siku 18 hivi, kisha hulisha makinda zaidi ya majuma matatu; siku zote hizo kila samaki anayecheleweshwa ana hesabu yake ndani ya tundu. Tena gema la mchanga ni dhaifu: ukisimama juu yake ulenge chini, uzito wako unaweza kuliporomosha na kuifukia njia.

Utajuaje umelikaribia bila kujua? Mtazame alivyoshika samaki. Anayetaka kula mwenyewe humgeuza samaki kichwa kielekee kooni mwake. Anayempelekea mwenzake au makinda humshika kichwa kikielekea nje, ili mpokeaji ammeze bila mapezi kumkwama. Basi ukimwona ametua na samaki kichwa nje, hali wala haendi, anakutazama na kutikisa kichwa, jua kwamba wewe ndiye uliyekaa kati yake na tundu. Ondoka papo hapo, kwa njia uliyojia, hadi mita 50 au zaidi. Picha ya mdiria na samaki inavutia sana, na ndiyo maana huu ndio mtego mkubwa wa wapiga picha: ndege anayekaa muda mrefu na samaki mdomoni anaonekana mtulivu, kumbe amezuiwa. Majani yanayoliziba tundu usiyakate. Yanamficha asionwe na kenge wala nyoka.

Ndiyo nikasema sauti usicheze. Kwa mdiria wa mikoko, mlio wa mwenzake ni habari ya mvamizi. Ataacha kuvua, atakuja akitanua mbawa na kupiga kelele, atatafuta adui asiyeonekana, na aliyelala kwenye mayai anaweza kuyaacha. Utapata picha ya ndege aliyefadhaika, na anayekuja kesho na simu yake atamfanyia vile vile. Beseni la vidagaa lina kasoro nyingine: samaki aliyefungwa au kubanwa mahali pamoja anamfundisha ndege kurudi mahali peupe panapojulikana na mwewe na paka, na anayejitosa kwa kasi kwenye chombo chenye maji ya sentimita chache anaweza kuumia mdomo au shingo. Tena vidagaa walioletwa kutoka kwingine wakimwagwa dimbwini wanaweza kuleta magonjwa.

Kuchomeka kijiti ni jambo tofauti, na mimi sioni ubaya wake ikiwa ni nje ya hifadhi, mbali na tundu, mbali na njia ya nyavu, na ukiondoka unaking'oa. Kiwe kikavu, kinene kama kidole gumba, mita 1 juu ya maji. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, ambayo hori la Mida ni sehemu yake, usichomeke wala kukata kitu bila idhini ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Droni nayo inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na hata ukiwa na kibali usiirushe karibu na ndege hawa. Kitu kinachoelea juu yao wanakisoma kuwa ni kipanga.

Ukirudi nyumbani, chumvi. Usipanguse lenzi kavu, punje za chumvi zitaikwaruza. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kamua hadi kibaki na unyevu tu, pangusa mwili wa kamera, kisha kioo kwa kitambaa chake safi. Kusi likivuma pale Sabaki usibadilishe lenzi nje, mchanga utaingia kwenye sensa. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto, la sivyo kioo kitaloa ukungu wakati ule ule mwanga ni mzuri.

Unapozituma picha mtandaoni, futa kwanza alama za mahali zilizomo kwenye faili, na picha yoyote inayoonyesha gema au tundu iweke hadi makinda waruke. Andika "Malindi" au "Mida", inatosha. Ukitaka kuonekana kwake kuwe na faida, peleka taarifa kwenye mradi wa Kenya Bird Map: aina ya ndege na tarehe vinaingizwa kwa miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, kiasi cha kuwafaa watafiti bila kumwonyesha mtu mlango wa tundu.